Kikohozi kinachobaki baada ya kuacha sigara

Swali ninaloulizwa zaidi tangu niache sigara halihusu hamu ya kuvuta, bali kikohozi: inakuwaje mtu aliyevuta miaka mingi bila kulalamikia kifua aanze kukohoa, kukereketwa na koo na kubanwa na pumzi mara tu anapoacha? Barazani kwetu jibu lilikuwa tayari. “Bwana, tangu uache ndiyo umeanza kuumwa, si bora ungekuwa unavuta mojamoja?” aliniambia rafiki yangu, tena kwa mapenzi kabisa. Ninaamini rai ya namna hiyo huwarudisha watu kwenye sigara zaidi kuliko hata arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili kukosa sigara, kwa kuwa arosto kila mtu huitarajia, lakini kikohozi humkuta mtu akiwa amekwisha kujihesabu mshindi.

Maelezo ya kitabibu si magumu. Njia za hewa zimetandwa kwa ndani na vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kusukuma ute, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa humo, kutoka mapafuni kuelekea kooni. Moshi wa sigara huvilemaza vijinywele hivyo, na wakati huohuo huzifanya tezi za ute zizalishe kupita kiasi. Mtu anapoacha, vijinywele huanza kuota na kufanya kazi tena katika wiki na miezi inayofuata, lakini tezi hazipunguzi kasi siku hiyohiyo, ndiyo maana kwa muda fulani makohozi huweza kuzidi badala ya kupungua. Shirika la Afya Duniani hutaja kipindi cha kati ya mwezi 1 na miezi 9 baada ya kuacha kuwa ndicho ambacho kukohoa na kuishiwa pumzi hupungua. Ni kipindi kirefu, na laiti wanaotuhimiza kuacha wangetuambia hivyo mapema.

Kwangu mimi asubuhi ndiyo iliyokuwa ngumu. Kohozi la kwanza lilikuwa zito, la kijivu lenye madoa ya kahawia, na halikutoka mpaka niiname nishike sinki na mbavu ziume. Baada ya hapo kifua kilitulia hadi adhuhuri. Kadiri wiki zilivyopita rangi ilififia, uzito ukapungua, na kukohoa kukawa kwa muda mfupi zaidi. Huo ndio mwelekeo ninaomshauri kila aliyeacha autazame: asijiulize tu kama anakohoa, bali kama kikohozi cha mwezi huu ni hafifu kuliko cha mwezi uliopita.

Koo lina mambo yake. Wiki za kwanza lilikauka na kukereketa kana kwamba kuna kitu kimekwama, na kumeza mate hakukusaidia. Waliozoea sigara za mentoli huenda wakalisikia hilo zaidi, kwa kuwa mentoli hupoza na kuficha mwasho ambao moshi umekuwa ukiusababisha wakati wote. Kwa wengine, hata hivyo, mkosaji ni kiungulia: mtu akiacha sigara hamu ya chakula hurudi, anakula vizuri, pengine usiku na kulala palepale, na asidi ya tumboni inapanda hadi kooni. Ukiamka na ladha chungu mdomoni na sauti iliyokwaruza, jaribu kula mapema na kuinua upande wa kichwani wa kitanda kabla ya kulaumu mapafu.

Kifua kubana nako huwa na zaidi ya sababu moja. Misuli ya mbavu huchoka kwa kukohoa, na wasiwasi unaoletwa na mwili kunyimwa nikotini humfanya mtu ahisi pumzi haitoshi. Dalili hizo za kukosa nikotini huwa kali katika wiki ya kwanza na kwa kawaida hufifia ndani ya mwezi mmoja hivi. Lakini maumivu yanayokandamiza katikati ya kifua, yakasambaa mkononi au kwenye taya na kuandamana na jasho, hayo si arosto. Mwenye nayo apelekwe hospitali saa ileile.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kila kikohozi baada ya kuacha ni uchafu unaotoka tu. Kauli hiyo ina ukweli, na kwa sababu hiyo ni ya hatari, hasa kwetu Afrika Mashariki ambako kifua kikuu bado kipo kwa wingi na mvutaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukipata. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya ukapime, hata kama unajua hasa siku uliyotupa pakiti. Katika vituo vya umma kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Mimi nilipewa kikopo chenye mfuniko, nikaelekezwa nitoke nje penye hewa ya wazi, na mhudumu akasisitiza: “Baba, si mate, vuta pumzi ndefu, toa cha ndani kabisa.” Majibu yalionyesha sina vimelea. Kukohoa damu, kukonda bila sababu, jasho la usiku, uvimbe shingoni, shida ya kumeza, au sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 ni mambo yasiyopaswa kusubiri.

Tiba za nyumbani nilizitumia bila aibu: kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, asali, chai ya tangawizi. Kujifukiza kulinipa nafuu ya muda, ingawa watu huungua kwa maji hayo. Kununua antibayotiki dukani kwa sababu ya makohozi tu sikuunga mkono na siungi mkono. Zaidi ya tiba hizo, lililonisaidia ni kupunguza moshi mwingine: jiko la mkaa likahamia uani, dawa ya mbu ya kuchoma ikatoa nafasi kwa chandarua, na udi ukawa wa siku za wageni, jambo ambalo mke wangu hakulipokea kwa furaha.

Wenye umri kama wangu waangalie pia dawa za presha. Enalapril, lisinopril na dawa za jamii hiyo huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie daktari akubadilishie.

Baadaye, makohozi yalipokuwa yamepungua sana lakini ngazi za ofisini bado zinanihemesha, nilipelekwa kupima nguvu ya mapafu. Unabanwa pua kwa kibanio, unaumata mrija, kisha unapuliza huku mpimaji akikupigia kelele, “Endelea, endelea, usikate!” hata pale unapoona hewa imekwisha. Matokeo yalionyesha njia zangu za hewa zimekuwa nyembamba, na hata baada ya kuvuta dawa ya kuzitanua hazikurudi katika hali ya kawaida. Daktari alinieleza kwamba vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika haviponi, na kwamba kuacha sigara kunapunguza kasi ya uharibifu, jambo ambalo hakuna dawa niliyoandikiwa inayoweza kulifanya. Kikohozi cha usafi kilikwisha. Hiki kidogo kilichobaki, pamoja na kuhema, kimeandikwa kwenye kadi yangu kama ugonjwa sugu wa mapafu, na ninakitibu hivyo, kwa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni.