Kosa lililowahi dakika nne kila siku

Risiva yangu ya msingi, ile inayopokea mawimbi ya setilaiti za GPS, imefungwa darini kwetu Tudor, Mombasa, nami hupima viwanja kwa kulinganisha nayo. Machi 2024 ikaanza kunipa vipimo vya ovyo. Nikabadilisha waya wa antena, nikabadilisha betri. Fedha zikaenda, kosa likabaki.

Ndipo nikafungua daftari. Kila mawimbi yalipovurugika niliandika saa na namba ya setilaiti. Jumatatu, saa nne na dakika 20 asubuhi, namba 14. Jumanne namba 14 tena, saa nne na dakika 16. Jumatano, saa nne na dakika 12. Mwili ukanisisimka. Setilaiti ya GPS huizunguka dunia mara mbili kwa takriban saa 23 na dakika 56, kwa hiyo hurudi palepale angani dakika nne mapema kuliko jana. Kosa linalofuata mwendo huo haliko kwenye waya. Kuna kitu mawimbi yanakigonga, yakadunda, ndipo yakafika kwenye antena.

Nikapanda darini saa ileile. Mabati ya jirani yalikuwa yanameremeta hadi macho yanauma.

"Tumeezeka mwezi jana tu, mwanangu," mzee akaniambia.

Nikainua mlingoti wa antena mita mbili, na risiva nikaizuia isipokee setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho. Asubuhi zikatulia.

Lakini ilikuwa Ramadhani, na tukikwepa jua tulikuwa tunapima usiku. Hapo pana kosa la pili: lilikuja baada ya Isha, halikuwahi dakika nne, na liliyumbisha setilaiti nyingi kwa pamoja. Nikashusha data za kituo cha Malindi, kilicho katika IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vinavyofuatilia setilaiti kama hizi. Asubuhi safi, usiku zinatetemeka kama zangu. Basi si mabati. Ni anga lenyewe. Jua likizama, ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, juu ya ikweta ya sumaku (mstari wa katikati wa usumaku wa dunia), ambayo upande wetu hupita Ethiopia, hutoa mapovu yenye chembe chache yanayotanda hadi huku kusini, hasa Machi na Septemba. Kupokea masafa mawili ya GPS, L1 na L2, huondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa ionosfia, lakini mawimbi yakishakatika hakuna cha kusahihisha.

Tukahamishia kazi baada ya daku, kabla jua halijachoma. Daftari bado naliandika. Mstari wa jana: saa mbili na dakika 40 usiku, setilaiti tano.