Nyundo ya Parkfield

Parkfield ni kijiji kidogo cha California. Kibao cha barabarani kilisema wakazi ni 18. Daraja lake limepinda, kwa sababu Ufa wa San Andreas, mpasuko mkubwa wa ardhi ambapo pande mbili hupishana, unapita chini yake na kingo mbili za mto zinasogea kila moja na njia yake. Mwalimu wetu wa jiofizikia, yaani fizikia ya dunia, alitupeleka huko mwaka 2011.

Mimi nilikabidhiwa nyundo. Wenzangu walichomeka jiofoni, vifaa vidogo vya kunasa mtetemo wa ardhi, kwenye nyasi kavu kukatiza ufa, nami nikawa natwanga bamba la chuma lililolazwa chini ili mtetemo usafiri ardhini, mikono inakufa ganzi. Kwenye kompyuta, jiofoni zilizokaa penye mwamba uliosagwa na ufa zilipata mlio kwa kuchelewa.

Nyundo lakini haifiki mbali. Tukiwa tunakula kivulini, mwalimu akatusimulia jinsi watafiti walivyoupima ufa ule hadi chini bila kugonga kitu. Vipima mtetemo vilivyozamishwa visimani vilirekodi mngurumo hafifu wa ardhi, ambao sehemu yake kubwa huletwa na mawimbi ya bahari. Baada ya tetemeko la hapo Parkfield la 28 Septemba 2004, lenye ukubwa wa 6.0, kasi ya mngurumo ule miambani ilishuka kwa asilimia 0.08. Yaani safari ya sekunde 10 inachelewa kwa sehemu nane tu kati ya elfu moja za sekunde! Mimi mtoto wa Tanga, niliyelala na bahari masikioni miaka yote, sikuwahi kudhani kelele ile ina kazi.

Usiku nikampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Leo mmesoma nini?”

Nikamweleza. Tetemeko huchana nyufa ndogondogo, mwamba ukalegea, na mtetemo hupita humo kwa uvivu.

“Aa, kama kugonga chungu sokoni. Cha ufa hakilii.”

“Ndivyo hasa.”

“Lakini chungu kikishapasuka ndiyo basi.”

Nikamwambia mwamba hujikaza tena. Uzito wa juu hubana nyufa, madini ya majini huziziba, na kasi hurudi kidogokidogo kwa miaka. Ila huko Landers, jangwani Mojave, miamba iliyolegezwa na tetemeko la 1992 ilikuwa bado inajikaza, mara mwaka 1999 nyufa za jirani, Hector Mine, zikatikisika na kuilegeza upya.

Mama akacheka. “Jirani gani huyo!”