Niliua mikisa moja ndo nikajua kuchagua

Ngoja niwahadithie. Mikisa yangu ya kwanza, ile mashine ya kuchanganyia keki na kukandia unga, ya kusimama yenye bakuli lake, niliinunua kwa sababu mbili tu: bei ilikuwa chini, na kwenye boksi wameandika wati 1200 kwa maandishi makubwa kuliko hata jina la mashine yenyewe. Nikajiona nimeokota embe dodo chini ya mnazi.

Miezi saba. Keki ilikuwa inapiga vizuri tu, hapo sina la kuisema, ila siku nilipoitwisha unga wa mkate kilo nzima, tena mgumu, ikaanza kunguruma, kichwa kinarukaruka, mimi nimeikumbatia kwa mikono miwili kama mbuzi anayetaka kutoroka, halafu ikalia krrrk na basi. Mota inazunguka, ndoano ya kukandia imetulia tuli. Fundi kuifungua anakuta mota haina shida yoyote, kilichokufa ni kigia kimoja cha plastiki, meno yote yameisha. Nikamuuliza spea napata wapi, akacheka tu.

Kwa hiyo jamani, wati. Ile namba inakwambia mashine inakula umeme kiasi gani, haikwambii nguvu inayofika kwenye unga ni kiasi gani. Mota ndogo inayozunguka mbio sana inaweza kuandikwa wati nyingi, halafu nguvu yenyewe ikapotelea kwenye joto na makelele kabla haijafika kwenye bakuli. Mikisa ya KitchenAid Artisan imeandikwa wati 300 tu na watu wanakandia mkate miaka na miaka. Sasa ukiweka hiyo 300 pembeni ya 1200 yangu unaona kabisa namba haisemi kitu. Siku hizi nikiona tangazo limeanza na wati naliruka.

Cha kuuliza ni gia. Ni za chuma au plastiki, na ikivunjika moja napata nyingine? Hilo swali la pili ndo muhimu kuliko la kwanza, maana hata mashine nzuri zina gia inayovunjika, na kwenye baadhi wameiweka makusudi. Zile KitchenAid kwa mfano kuna gia moja ndani ambayo ni laini kuliko mwenzake, unga ukizidi uzito yenyewe inakubali kufa ili mota ipone, ukibadilisha hiyo na kupaka grisi mpya kazi inaendelea. Ya kwangu nayo ilifia gia, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na pa kununua nyingine, basi mashine nzima ikawa takataka kwa ajili ya kitu kinachoingia kwenye kiganja.

Ndo maana napenda mashine ambazo muundo wake haubadilikibadiliki. KitchenAid walitoa ile Model K mwaka 1937 na lile tundu la mbele la kuchomekea viambatisho halijabadilika mpaka leo. Kenwood wana Chef yao tangu 1950, na Wasweden wana Ankarsrum tangu 1940, ile ambayo bakuli ndo linazunguka. Sisemi ukanunue hizo, zikiwa mpya nyingi zinauma mfuko, nasema mashine iliyokaa sokoni muda mrefu fundi ameshaifungua mara nyingi na spea zake zinajulikana, wakati mashine ambayo kila mwaka inatoka na sura mpya na jina jipya, ikiharibika mnabaki mnatazamana.

Halafu bakuli. Hapa watu tunadanganyika sana. Bakuli la lita 5 au 7 halimaanishi mota inaweza kukanda unga wa kujaza hilo bakuli. Fungua kile kijitabu tafuta wameandika unga mkavu usizidi gramu ngapi, na uangalie ni wa keki au wa mkate, maana ni vitu viwili tofauti kabisa. Na unga mgumu unatesa kuliko unga mwingi: kilo ya unga yenye maji gramu 550 inaipa mota shida kuliko kilo hiyo hiyo yenye gramu 700. Kama unapika keki na biskuti tu, kusema ukweli huhitaji mashine ya kutisha, hata ya plastiki ukiitunza inakaa, au baki na ile ya kushika mkononi uokoe hela. Mkate ndo unaochagua mashine.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona mpaka imeshakufa: kile kibandiko cha chini. Mashine nyingi zina maandishi madogo kama KB 10 min, maana yake usiiendeshe mfululizo zaidi ya dakika 10, inatakiwa ipumzike ipoe. Mimi nilikuwa nakanda dakika 20 bila huruma huku naangalia simu. Siku hizi nachanganya unga na maji tu kwanza, naacha nusu saa ukae wenyewe, ukirudi unakuta umeshalainika na kukanda kunakuwa kwa muda mfupi. Spidi naweka ya chini, 2 hivi, ndoano ya kukandia haitaki mbio.

Uzito nao usiudharau. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama sufuria tupu, ujue itatembea mezani. Ya kwangu ya sasa ina kilo kama 11 na haijawahi kusogea, ila mgongo wangu unajua, kwa hiyo panga kabisa mahali itakapokaa moja kwa moja, ukiwaza kuwa utaitoa kabatini kila siku hutaitoa.

Na hii ya sasa ni yuzdi, yaani ilishatumika na mtu mwingine. Kwa mwenye hela ya kuhesabu naona hii ndo njia bora kuliko mpya ya bei rahisi, ila usinunue kwa picha. Nilimwambia muuzaji aiwashe mbele yangu, spidi ya chini kabisa mpaka ya juu, nikasikiliza. Mlio wa kusagika kama kuna mchanga ndani ni gia. Cheche nyingi kwenye matundu ya hewa mara nyingi ni kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha, hizo ni spea ndogo na kwenye baadhi ya mashine unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Mafuta yanachuruzika pale juu ya bakuli? Usikimbie, ni grisi ya zamani imejitenga kwa sababu mashine ilikaa bila kutumika, inasafishwa inawekwa mpya, ila iwe ile grisi salama kwa chakula. Shika kichwa kitingishe, kikicheza sana angalia pini ya bawaba. Soma pia volti kwenye kibandiko, maana mashine ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 inaungua hapo hapo na hakuna wa kumlaumu.

Nilijaribu na sarafu pia: unaweka moja kwenye bakuli tupu, unafunga lile bapa la kuchanganyia, unawasha taratibu. Bapa likipita liisogeze sarafu kidogo kidogo. Isiposogea kabisa bapa liko juu na unga utabaki chini, ikisukumwa bila kuachwa linakwangua. Kwenye nyingi kuna skrubu ya kurekebisha hapo shingoni, mimi niliizungusha robo tu ikakaa sawa.

Bapa lililokuja nalo lilikuwa la kupakwa rangi nyeupe na limeanza kubanduka, nikalitupa, sitaki kula rangi. Nimechukua la chuma kisichoshika kutu. Yale ya aluminiamu tupu usiyatie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, yanageuka meusi na yanachafua kila unachoshika.

Ile marehemu bado sijaitupa yote. Bakuli lake nimelibakisha, linafaa sana kuumulia unga.