Ukoma umepita tulikopita sisi

Babu yangu mzaa mama aliugua ukoma. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilibaki vifupi, na tangu utotoni nilisikia watu wakisema ni laana ya ukoo. Wiki hii nimesoma utafiti wa mwaka 2005 wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, na umenikaa kichwani.

Walilinganisha vinasaba vya bakteria wa ukoma kutoka mabara mbalimbali. Bakteria huyu habadiliki upesi. Ana herufi za vinasaba zaidi ya milioni 3, lakini yule wa India na yule wa Brazil wanakaribia kufanana kabisa. Ndiyo maana zile tofauti chache zilizopo ni za thamani: ukizipanga kwa nchi, unaziona njia walizopita watu. Chimbuko, walivyoona wao, huenda ni Afrika Mashariki au Mashariki ya Kati. Aina iliyoenea Afrika Magharibi ndiyo hiyo hiyo iliyokutwa visiwa vya Karibi. Hapo nilishindwa kuendelea kwa muda. Watu walifungwa minyororo, wakapakiwa melini, na ugonjwa ukavuka nao. Hata armadilo (wanyama wadogo wenye gamba gumu mgongoni) wa porini kule Louisiana, Marekani, wana bakteria wa aina inayolingana na ya Ulaya. Binadamu ndiye aliyewaambukiza.

Basi jamani, tuache kusema laana. Ni bakteria, na anatibika kwa vidonge vinavyotolewa bure. Ukiona baka kwenye ngozi lisilohisi hata ukiligusa kwa pamba, wahi kituo cha afya.