Saa ya mrushaji ibaki, mkimbiaji wa bure aondoke

Mechi inayoanza saa 1:05 jioni New York, Mwanza inaanza saa 8:05 usiku. Mwaka 2021, mechi ya inningi tisa (kila inningi timu zote mbili zinapiga kwa zamu) kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 10. Anayeikesha pale Nyegezi alikuwa anazima simu saa 11:15 alfajiri, makonda wameshaanza kuita abiria. Mwaka 2024 wastani ulikuwa saa 2 na dakika 36, yaani saa 10:41 umeshajifunika shuka. Dakika 34 zimekatwa bila kugusa inningi hata moja. Kilichoondoka ni mrushaji kuzungukazunguka kwenye kilima chake cha kurushia akijipangusa jasho, na mpigaji kufungua na kufunga mkanda wa glavu kila baada ya mpira mmoja.

Wanaobishana kuhusu kanuni mpya za MLB, kuanzia saa inayompimia mrushaji sekunde za kurusha, wengi huishia kwenye swali la kama mchezo "umeharibiwa". Mimi naangalia vitu viwili tu. Je, kila mtu uwanjani anaona kosa likitokea? Na je, adhabu ni ndogo kiasi kwamba mwamuzi hasiti kuitoa? Kanuni ikifeli hapo, hata iandikwe kwa wino wa dhahabu itabaki kitabuni.

Kabla ya 2023 tayari palikuwa na kanuni ya sekunde 12: besi zikiwa tupu, mrushaji akichelewesha, mwamuzi aite boli. (Kwa mgeni: besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka mpaka nyumbani kupata pointi. Straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji hakuutumia, boli ni mpira mbaya; straiki tatu mpigaji katoka, boli nne anatembea bure mpaka besi ya kwanza.) Kanuni hiyo ilikuwa imekufa, kwa sababu hapakuwa na saa. Mwamuzi alitakiwa ahesabu kichwani, halafu abishane na kocha mbele ya uwanja uliojaa. Ndiyo habari ileile ya golikipa wa soka na sekunde 6. Adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi, kubwa mno kwa kosa la kukumbatia mpira, basi marefa wakafumba macho. Mwaka 2025 IFAB, watunga sheria za soka, wakaweka sekunde 8, adhabu kona, na refa ananyanyua mkono kuhesabu tano za mwisho. Jukwaa zima linahesabu naye.

Sasa saa yenyewe. Besi zikiwa tupu, mrushaji ana sekunde 15. Kukiwa na mkimbiaji zilikuwa 20 mwaka 2023, zikashushwa kuwa 18 kuanzia 2024. Kati ya mpigaji mmoja na mwingine ni 30. Saa ikifika 8, mpigaji awe ndani ya boksi lake, macho kwa mrushaji. Mrushaji akichelewa ni boli, mpigaji akichelewa ni straiki. Watu wengi hukosea hapa: saa inasimama mrushaji anapoanza mwendo wa kurusha, si mpira unapotoka mkononi. Mpigaji ana ruhusa moja tu ya kuomba muda kila zamu. Mrushaji naye anaruhusiwa mara mbili kwa kila mpigaji kushuka kwenye kibao anachokanyaga akirusha au kutupa mpira kwenye besi kumrudisha mkimbiaji. Akijaribu ya tatu na asipate auti (yaani asimtoe mkimbiaji), wakimbiaji wanasogezwa besi moja bure.

Tarehe 25 Februari 2023, kwenye mechi ya maandalizi kati ya Boston na Atlanta, matokeo yakiwa 6-6, nusu ya pili ya inningi ya tisa, auti mbili, besi zote zimejaa, boli tatu na straiki mbili. Cal Conley, mpigaji wa Atlanta, alikuwa bado hajakaa sawa saa ilipopita sekunde 8. Mwamuzi akaita kosa. Conley akaanza kutembea kuelekea besi ya kwanza, akidhani kosa ni la mrushaji, kwamba ni boli ya nne na mwenzake wa besi ya tatu amesukumwa nyumbani na pointi ya ushindi. Akaambiwa hapana, hiyo ni straiki ya tatu, na mechi ikaishia sare. Kelele zilikuwa nyingi wiki ile, lakini lilikuwa somo la bei nafuu: mechi ya majaribio, na ligi nzima ikajifunza kutazama saa.

Ukitaka kuijaribu saa hii kwenye uwanja wa shule hapa Mwanza, huhitaji ubao wa umeme. Mtu mmoja asimame nyuma ya mwamuzi akiwa na simu, asifanye kazi nyingine yoyote. Kioo cha simu hakisomeki juani saa kumi jioni, kwa hiyo ahesabu kwa sauti: "kumi", "nane", kisha tano mpaka moja. Kwa wanaojifunza anzeni na sekunde 20 besi zikiwa tupu na 25 kukiwa na mkimbiaji, mkipunguza taratibu. Kosa la kwanza la wapima muda ni kuanzisha saa mpira ukiwa bado mikononi mwa mlinzi wa nje. Saa ianze mrushaji akiwa na mpira, mdakaji na mpigaji wakiwa karibu na besi ya nyumbani, na mchezo uliopita umekwisha kabisa. Kosa la pili ni filimbi ya kushtukiza mrushaji akiwa katikati ya mwendo. Hapo bega linaumia. Sekunde zikiisha naye ameshaanza mwendo, nyamaza.

Besi kubwa ndizo zilizopita bila ugomvi. Kwenye kamati ya pamoja ya kanuni, yenye watu 11 (wamiliki sita, wachezaji wanne, mwamuzi mmoja), wachezaji walipinga saa na walipinga walinzi kupangiwa pa kusimama, lakini besi wakazikubali. Upande wa besi ulitoka sentimita 38 ukawa karibu 46. Umbali kutoka ya kwanza mpaka ya pili ukapungua sentimita 11.4, na wengi hawaelewi kwa nini si 7.6 kama ongezeko lenyewe. Jibu linaonekana ukichora uwanja kwa futikamba.

Pigilia msumari kwenye ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani. Pima mita 38.80 kwenda besi ya pili, weka msumari mwingine. Kisha pima mita 27.43 kutoka kila msumari. Zinapokutana kulia ni ya kwanza, kushoto ni ya tatu. Alama ya pili inakaa katikati ya besi. Alama za kwanza na tatu zinakaa kwenye pembe ya nje kabisa ya nyuma, na besi nzima inalala ndani ya mstari. Ukiikuza besi ya kwanza, ongezeko lote la sentimita 7.6 linaelekea ndani. Ukiikuza ya pili, inatanuka pande zote, 3.8 kila upande. Jumlisha: 11.4. Tumia tepu, usitumie kamba ya mkonge. Ikilowa umande inabadilika urefu na uwanja wako unapinda. Na kama una uchaguzi, elekeza mstari wa nyumbani kwenda besi ya pili mashariki, ukiegemea kaskazini kidogo, ili jua la jioni liwe mgongoni mwa mpigaji.

Besi zenyewe tafadhali zisiwe magunia ya mchanga. Mchanga ukishalowa na kukauka unakuwa jiwe, na anayeteleza anavunja kifundo. Kata godoro la inchi 3 vipande vya sentimita 46 kwa 46, vishe turubai, shona, kisha funga chini kwa mkanda unaopita ndani ya pete ya chuma iliyofukiwa.

Idadi ya besi zilizoibwa (mkimbiaji anakimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe) ilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, na waliofanikiwa walifika asilimia 80. Ronald Acuña Jr. peke yake aliiba 73 na kupiga homurani 41 (mipira iliyopigwa mpaka nje ya uwanja). Magazeti yalizipa sifa besi kubwa. Piga hesabu: mkimbiaji anayekwenda mita 8.2 kwa sekunde anamaliza sentimita 11.4 kwa sehemu 14 kati ya 1,000 za sekunde. Si bure, kwenye besi watu hukosana kwa kidole, lakini wizi hasa umefunguliwa na ile hesabu ya mara mbili. Mrushaji akishatupa kwenye besi mara mbili, mkimbiaji anajua ya tatu ni kamari, anajisogeza hatua nyingine mbele. Anayefundisha timu aanzie hapo: mrushaji asitumie nafasi zote mbili kwenye mpira wa kwanza kwa hasira tu. Abaki na moja, na abadilishe muda anaoushikilia mpira, sekunde mbili, kisha tano, kisha tatu. Mkimbiaji asiyeweza kuhesabu hana pa kuanzia.

Kuhusu kupanga walinzi, sitakaa sana. Tangu 2023 walinzi wanne wa ndani lazima wawe wawili kila upande wa besi ya pili, miguu yote ndani ya eneo lao mpira unaporushwa. Zamani walirundikwa upande ambao mpigaji wa mkono wa kushoto hupiga zaidi, kwa hiyo ligi ilitegemea wapigaji hao wafufuke. Wastani wa kupiga wa ligi ulikuwa .243 mwaka 2022 (mapigo mazuri 243 kwa kila majaribio 1,000), ukafika .248, ukarudi .243 mwaka 2024. Kosa linaonekana, adhabu ni ndogo, kanuni inatekelezeka vizuri kabisa. Ila dawa yenyewe haikuwa ya ugonjwa huu. Wapigaji wanakufa kwa mipira ya kasi wasiyoigusa kabisa.

Mikono ya warushaji ni mjadala mzito zaidi. Chama cha wachezaji kinasema saa inawanyima pumzi na mishipa ya kiwiko inakatika. Ripoti ya ligi ya Desemba 2024 ilinyooshea kidole kasi, mzunguko wa mpira, na tabia ya kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Naegemea upande wa ripoti, kwa sababu viwiko vilianza kupasuliwa kwa wingi miaka mingi kabla ya saa. Lakini kupunguza kutoka 20 hadi 18 baada ya msimu mmoja tu ilikuwa pupa. Mechi ilishakuwa fupi, sekunde mbili zile za nini? Kwa vijana wetu saa si tatizo kama idadi: kikomo kinachopendekezwa Marekani ni mipira 95 kwa siku kwa umri wa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa 17 na 18. Mtu akae na kalamu ahesabu, maana kocha anayefukuzia kombe hahesabu.

Tukija kwenye mkimbiaji wa bure, hapo sina subira. Tangu 2020, inningi ya 10 ikianza, kila timu inawekewa mtu besi ya pili bila kufanya lolote, na 2023 wakaifanya ya kudumu. Mpira uliogongwa kidogo tu unampeleka ya tatu, mpira mrefu uliodakwa unamleta nyumbani, pointi imepatikana bila mtu kupiga vizuri hata mara moja. Ni kama dakika za nyongeza zianze kwa kila timu kupewa faulo nje ya boksi. Najua hoja ya upande wa pili, msimu una mechi 162 na warushaji wanaisha. Basi waanze kumweka inningi ya 12. Wenyewe wanajua si besiboli kamili, ndiyo maana kwenye mtoano hawaitumii. Oktoba 27, 2025, mechi ya tatu ya fainali, Dodgers na Blue Jays walicheza inningi 18 kwa saa 6 na dakika 39. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 28. Ilianza saa tisa na kitu usiku, na Freddie Freeman alipoimaliza kwa homurani, Mwaloni watu walikuwa wameshauza samaki na kufunga mizani. Will Klein, ambaye wengi hawakumjua, alirusha inningi nne za mwisho. Kwa kanuni ya msimu wa kawaida, yote hayo yasingetokea.

Kamera za kukagua straiki na boli zilizoingia msimu wa 2026 zinapita mtihani wangu. Mwamuzi anaendelea kuita, kila timu ina rufaa mbili, ikishinda rufaa inabaki nayo. Wanaoruhusiwa ni mrushaji, mdakaji na mpigaji tu, kwa kujigonga kichwani papo hapo, bila kutazama benchi. Jibu linaonyeshwa kwenye skrini, ubishi unaisha.

Eneo la straiki la kamera hizo unaweza kulijenga kwa nguzo mbili na kamba za nailoni za wavuvi. Upana ni sentimita 43. Juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini ni 27. Kwa kijana wa sentimita 170, kamba ya juu inafungwa 91, ya chini 46. Ziweke kwenye mstari wa katikati ya besi ya nyumbani, si mbele yake, kwa sababu mpira unaopinda hupita mbele ukiwa juu na kushuka nyuma. Mpigaji asisimame hapo, hili ni zoezi la mrushaji peke yake. Nyuma tundika wavu wa dagaa uliokunjwa mara mbili na kuachwa ulegee. Wavu wa sangara wa inchi 6 usihangaike nao: ukiutandaza, kila jicho lina kama sentimita 7.6 kwa upande, na mpira una 7.4.