Paka na panya wa San Xavier

Jamani leo nimeshinda San Xavier del Bac, lile kanisa jeupe nje kidogo ya mji wa Tucson, Arizona, kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa huku. Misheni aliianzisha Padri Kino 1692, ila jengo lenyewe ni la 1783 mpaka 1797, enzi za Wahispania.

Jua la Arizona halina adabu, saa nne tu asubuhi kamera ishaunguza mikono na ukuta unawaka mpaka picha zinatoka nyeupe tupu, ikabidi nipunguze mwanga, nyingine nikaziacha mpaka jioni.

Mnara mmoja una kuba, wa pili hauna, haujamaliziwa mpaka leo. Mi naona ndo raha yake hiyo.

Sasa nikavuta zumu pale juu ya mlango... huku kachongwa paka, kule panya 😂 Watu wa huku wanasema siku paka akimdaka panya ndo mwisho wa dunia, basi nikabaki nimewakodolea macho kama mlinzi wa getini, eti nihakikishe hakuna aliyesogea.

Picha ziko kwenye komenti. Ya asubuhi na ya jioni, niprinti ipi? Na nyie wa Phoenix, lini tunaenda wote?