Tramu namba 15, upande wa pili

Mtoto wa kaka yangu juzi kanisimamisha ngazini, mkoba wa skuli bado uko mgongoni. "Shangazi, mwalimu kasema haya majumba yetu wamejenga Wajerumani. Kweli?" Nikamwambia kweli na si kweli, na kwamba nimeacha chai jikoni inachemka. Hakuridhika, na mie pia sikuridhika na jawabu langu. Mchana kutwa nikawa na mji wa Leipzig, Ujerumani, kichwani.

Nyie wasomaji wa siku nyingi mnaijua habari ya mwaka 2014, jinsi nilivyokwenda huko kusoma Kijerumani na jinsi baba alivyonuna, kwa hiyo hiyo nairuka.

Asubuhi tulikuwa darasani, mchana ni wetu. Mji wa Leipzig hauna haja ya kusifiwa na mie. Nilikwenda Kanisa la Thomas, alikofanya kazi Bach, yule mtunzi wa muziki, kuanzia 1723 mpaka alipokufa mwaka 1750, na kaburi lake sasa limo humo ndani, watu wanaliwekea maua. Nilikwenda Kanisa la Nikolai, nikainua macho nikacheka peke yangu, maana nguzo zake kule juu zinachanua makuti, minazi mitupu, ya rangi ya kijani, katikati ya Ujerumani. Kanisa hilo ndilo watu walilokuwa wakikusanyika kila Jumatatu kusali, mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 wakatoka barabarani watu kiasi cha 70,000 kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, nayo ikashindwa kuwapiga. Nilitembea mpaka Lumumbastraße, kwa sababu tu nilitaka kusimama kwenye mtaa wenye jina ninaloweza kulitamka bila kusahihishwa. Enzi za Ujerumani Mashariki wanafunzi wengi wa Kiafrika walikuja mji huu kujifunza lugha kabla ya vyuo. Wazee wa kwetu wamo.

Basi mwalimu wetu akatupa kazi: kila mtu achague kivutio kimoja cha mji, akakitazame, kisha aje alieleze darasa. Karibu wote wakachagua lile jumba la kumbukumbu ya Vita vya Mataifa, vita vya 1813 vilivyomshinda Napoleon. Ni jiwe jeusi la mita 91, lilifunguliwa mwaka 1913, na ukilitazama kwa chini unahisi limekukasirikia wewe binafsi. Unafika kwa tramu, treni ya barabarani, namba 15, ile inayoelekea Meusdorf.

Mie nikapanda hiyo hiyo namba 15, upande wa pili, inayoelekea Miltitz. Wiki iliyopita nilikuwa nimeona picha ya Grünau, mtaa wa majumba ya ghorofa wa Leipzig, imebandikwa ukutani mwa skuli, picha kuukuu, na nikadhani mtu kapiga Michenzani, majumba ya ghorofa ya kwetu Zanzibar.

Sasa hapa mnivumilie.

Niliposhuka, la kwanza nililoliona ni bendera. Ilikuwa Juni, Kombe la Dunia linachezwa Brazil, na kila roshani ya pili ina bendera ya Ujerumani inaning'inia kando ya nguo zilizoanikwa. Majumba yamejipanga marefu, madirisha mstari mmoja, milango ya ngazi kila baada ya hatua kadhaa. Grünau walianza kuijenga mwaka 1976, na baada ya miaka michache ikawa mji ndani ya mji, watu zaidi ya 80,000. Kuta zake ni vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani, vikaja kuunganishwa kwa winchi. Zetu si hivyo, najua, mafundi msinisahihishe. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani ndiyo yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, baada ya Mapinduzi, pale Zanzibar ilipoitambua nchi hiyo wakati dunia kubwa haijataka. Michenzani ikaja baadaye, mipango ya mji ikiwa na mkono wa wataalamu wao, na zege ikabebwa na watu wetu, wengine kwa kujitolea na wengine kwa kujitolewa.

Lakini mwili haujui hizo tofauti. Mlango mmoja ulikuwa umewekewa jiwe usijifunge, nikaingia. Ngazi saba, unageuka, ngazi saba. Mkono wangu ukashika chuma cha pembeni kabla sijautuma. Masanduku ya barua ya bati, mengine yamepinda. Mwanga unaingia pale pale unapoingia kwetu, kwenye kona, nusu ya ghorofa. Harufu tu ndiyo ilikuwa ngeni, sabuni ya sakafu na kabichi, nami nikasimama hapo nikisubiri ya mchuzi wa pweza ifuate.

Akateremka bibi mmoja na kigari chake cha sokoni, anakishusha ngazi moja moja. Akanitazama.

"Unamtafuta nani?"

Nilikuwa nimejifunza sentensi za kununua mkate na za kwenda kwa daktari. Hiyo haikuwamo. Nikamwambia, "Simtafuti mtu. Mie natoka nyumba kama hii." Akauliza nyumba ipi, namba ngapi. Nikasema, "Zanzibar."

Akaweka kigari chini. Akafikiri. Kisha akauliza, na uso wake umekaza kama mtu wa halmashauri, "Na joto linafika mpaka ghorofa za juu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe anauliza mabomba ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi! Nikamwambia kwetu joto linafika kila ghorofa bila bomba, maji ndiyo hayafiki. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba zamani joto lao lilitoka kwenye mtambo mmoja mkubwa wa mji, na nyumbani huna pa kulipunguza. Likizidi, unafungua dirisha, nje barafu, ndani mmevaa fulana.

Tukatoka pamoja. Alikuwa akisema pole pole, si kwa ajili yangu, nadhani ndivyo alivyo. Alipata fleti yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo walikuwa nyumba ya zamani mjini, jiko la makaa, choo cha kugawana na majirani, kiko ngazini. Siku aliyokabidhiwa funguo akafungua bomba la maji ya moto, likatoka, akakaa juu ya ukingo wa bafu akalia. Mumewe akadhani kaungua.

Bibi yangu mie naye alilia siku ya funguo. Nyumba yake ya Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, ya udongo na makuti, yenye ua na mpapai, ilikuwa imevunjwa kupisha barabara na majumba. Fleti akapewa, na akashukuru, na picha ipo ameshika cheti. Lakini alipandisha kinu chake mpaka ghorofani, na siku ya kwanza alipotwanga, jirani wa chini akagonga dari kwa mti wa ufagio. Mpaka leo kinu kimewekwa juu chini karibu na mlango, watu wanavulia viatu hapo.

Nilitaka kumweleza yule bibi wa Grünau habari hiyo. Nilikuwa na neno la "bibi" na neno la "kulia". La kinu sikuwa nalo, nikaacha.

Yeye akanionyesha kiwanja cha majani ng'ambo ya njia. Pale palikuwa na jumba refu, akasema, lilivunjwa. Ujerumani zilipoungana kazi zikapotea, vijana wakaenda magharibi, fleti zikabaki wazi, serikali ikaona bora kubomoa. Alisema anaona mbali zaidi sasa, lakini alizoea kuhesabu taa za lile jumba usiku. Kisha akasema basi lake linakuja, na kweli lilikuwa linakuja.

Darasani wenzangu wakaeleza Vita vya Mataifa, mmoja baada ya mwingine, Napoleon akashindwa tena na tena. Zamu yangu nikaeleza Grünau. Mwalimu, kijana wa magharibi, alisikiliza kwa adabu, akasema ni uchaguzi wa kushangaza, akanirekebishia artikeli, vile vijineno vya der, die, das.

Aliyenyoosha mkono ni binti mmoja wa Kivietinamu tuliyekuwa hatujazoeana. Akasema yeye anatoka Vinh. Mji wao ulisagwa na mabomu ya Marekani, wakaja Wajerumani Mashariki mwaka 1974 kuusimamisha upya, mtaa wa Quang Trung, majumba kama hayo hayo. Nikafurahi, nikaona nimepata ndugu. Yeye akaendelea: sasa wameanza kuyabomoa, na afadhali. Yanavuja. Yeye anataka lifti.

Nikamwambia hayo majumba ni historia. Akaniuliza, kwa Kijerumani kibovu kama changu, "Bibi yako ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano."

"Anapandaje?"

"Hapandi," nikasema. "Hashuki."

Darasa likanyamaza, mwalimu akasema tufungue kitabu.

Mchana yule binti akanifuata akasema bado hajaliona hilo jumba la Vita vya Mataifa, twende. Tukapanda 15, safari hii upande unaostahili, na njiani tukaendelea kubishana, mie natetea, yeye anapinga, mpaka mzee mmoja wa kiti cha mbele akahama. Kufika pale, kuna ngazi na kuna lifti. Yeye akasema ngazi za maisha yake amekwishazimaliza Vinh, akabonyeza kitufe. Mie kwa ukaidi nikapanda kwa miguu. Nilipotokeza kwenye roshani ya kati, nahema, yeye ameshatazama kila upande, ameshapiga picha, anauliza kama nina maji.